Anayeita Majina Saa ya Chai

Jumatatu, 23 Juni 2014

Baridi. Treni ya Merrylands imechelewa, nikabadilisha Granville mbio mbio. Mgongo unauma kabla kazi haijaanza.

Nimepewa mzee mpya, Musiu Lambert. Mfaransa. Alikuja Sydney akiwa kijana, akafundisha historia sekondari maisha yake yote. Sasa akili inamtoka, na Kiingereza kimetangulia kutoka. Amebaki na Kifaransa. Katika nyumba yote hii ya wazee ni mimi tu, Mkongomani, ninayemwelewa.

Nilimsalimu. Akanitazama, akasema: "Bonjour, sitwayene." Raia. Sijaitwa hivyo tangu Bukavu, enzi za Zaire, tukipangwa mstari shuleni. Wakati ule hakuna bwana, hakuna bibi, kila mtu raia. Sikujua kwamba neno lenyewe tuliliazima kwa watu waliomuua mfalme wao.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeelewa. Musiu Lambert hayuko hapa Auburn, kwenye nyumba yetu ya wazee. Yuko Paris, gerezani, miaka ile Wafaransa walipompindua mfalme. Ukumbi wetu wa chakula ndio gereza lenyewe.

Ananong'ona, lakini kwa mpangilio, kama yuko darasani. Mkate ulivyoadimika. Wanawake wa sokoni walivyotembea kwenye mvua hadi jumba la kifalme, wakamleta mfalme mjini kama mbuzi wa kamba. Alivyojaribu kutoroka na familia yake amevaa kama mtumishi, akatambuliwa njiani. Kisha kiti cha enzi kikaanguka. Kisha kichwa.

"Tulicheza barabarani," akasema. Tulicheza. Sisi.

Wanjiru aliuliza mzee anasema nini. Nikamtafsiria, tukacheka. Wanjiru ni Mkenya wa Nakuru. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Jumapili hunipitia na gari lake twende kanisani.

Jumatatu, 30 Juni

Saa ya chai alinishika mkono kwa nguvu. Huu ndio wakati, anasema, askari jela anapoingia na majina ya wa kesho. Walioitwa wanaagana. Asubuhi mkokoteni unawapeleka kwenye gilotini, kisu kinashuka.

Akamnyooshea kidole Bibi Edna, yule wa dirishani anayefuma. "Yeye."

Wanjiru akauliza tena. Nikatafsiri. Tukacheka tena.

Jumanne, 1 Julai

Bibi Edna amefariki. Usingizini. Alikuwa mzee sana na moyo mbovu. Nimejiambia hivyo. Nimejiambia tena.

Jumatatu, 7 Julai

Amemnyooshea kidole Mzee Milan. Sikutafsiri. Wanjiru aliona kidole.

Jumatano, 9 Julai

Mzee Milan hayupo. Nimonia imemchukua. Kitanda kimevuliwa mashuka.

Hakuna anayecheka. Wazee hawajui Kifaransa, na bado wamejua. Mkono wa Musiu Lambert ukisogea tu, vikombe vyote vinatua. Bibi mmoja alijifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Wanjiru: "Huyu mzee ako na kitu. Si ya kawaida, nakwambia."

Nilimwambia ni ugonjwa. Lakini kidole kilipopita upande wangu, niliinamisha macho.

Nyumbani nilimuuliza Neema, binti yangu, kwa kuwa wanasoma mambo hayo shuleni. Akanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Baada ya mfalme waliuana wenyewe kwa wenyewe. Jirani akimtaja jirani. Kukaa kimya kosa. Kumlilia aliyeuawa kosa. Nikamwambia inatosha.

Jumamosi, 12 Julai

Baba.

Alikuwa mwalimu mkuu. Utawala wa zamani ulipoanguka kwetu, tuliimba. Yeye pia aliimba, na sauti yake ilikuwa mbaya, tukamcheka. Haukupita muda mtu akanyoosha kidole: yule alikuwa anavaa beji ya chama cha zamani. Wakamchukua na kandambili miguuni. Hakurudi.

Sikuwahi kujua kidole kilikuwa cha nani. Huenda ni mtu aliyekuja kutupa pole. Huenda nilimkaribisha uji.

Jumanne, 15 Julai

Meneja ameniita ofisini. Imesemwa kwamba mzee hasemi kitu, ninamtungia maneno mimi. Kwamba ninawatisha wakaazi. Kwamba sisi wa Kongo tuna mambo yetu. Hakutaja aliyesema. Hakuhitaji. Wanjiru alinipita koridoni akisoma ukuta.

Nimepelekwa chumba cha kufulia. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumapili, 20 Julai

Wanjiru hakunipitia. Nikapanda treni. Kanisani alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Sikusikia neno hata moja la mahubiri. Nilikuwa nikimtazama shingo.

Sipendi nilichokiwaza.

Jumanne, 22 Julai

Nilipita ukumbini na kigari cha mashuka. Kiti cha Musiu Lambert kimegeuzwa. Uso wake umekaribia kugusa ukuta. Ameketi tu hivyo, mikono mapajani, anautazama.

Nyuma yake watu wanakula. Wanaongea. Redio inaimba. Tangu Bibi Edna afe sijauona ukumbi umechangamka hivyo. Hicho ndicho kilichonitisha, zaidi ya kidole.

Nilimgeuza. Ukumbi wote ukanyamaza. Hakunitambua. Chakula chake hakijaguswa, na wanasema hata jana hakula.

Nilipopita tena na mashuka machafu, alikuwa amerudishwa ukutani.

Alhamisi, 24 Julai

Binti wa Musiu Lambert alikuja akamkuta hivyo. Alipiga kelele mpaka wapishi wakatoka. Sasa anatafutwa aliyegeuza kiti. Wote wanasema ni Wanjiru. Waliokula naye meza moja wiki nzima, wote. Ila aliyeona kwa macho yake hakuna.

Meneja akaniketisha. Safari hii sauti laini, na maji ya kunywa. Wewe ulikuwa unapita na mashuka. Ulimwona Wanjiru? Kama ulimwona, hana kazi hapa tena, na wewe nitakurudisha kwa mzee wako.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilisikia utamu wake kwenye ulimi.

"Sikuona, madamu."

"Wenzako wanasema ni yeye."

"Wanasema. Mimi sikuona."

Ni kweli sikuona. Huenda ni yeye. Nafikiri ni yeye. Lakini sikuona.

Nilipotoka Wanjiru alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, koti limefungwa hadi shingoni, mkoba mapajani. Kama mtu anayengoja kuitwa. Tukatazamana. Nikaenda zangu kukunja mataulo.

Jumapili, 27 Julai

Nilimwomba Neema anisomee kitabu chake cha historia, jinsi yale mambo yalivyokwisha. Alishangaa. Akasoma, akinieleza pole pole.

Yule mkubwa aliyewapeleka wenzake kwenye kisu, naye wakamgeukia. Alisimama barazani mbele ya wajumbe kujitetea, wakampigia kelele asisikike. Kesho yake akapandishwa mkokoteni, taya lililopasuliwa na risasi limefungwa kitambaa. Baada yake milango ya magereza ikaanza kufunguliwa. Nadhani wako walioogopa kutoka.

Halafu? Miaka michache, mwanajeshi mmoja akajivika taji.

Neema akafunga kitabu. "Sasa yote ile ilikuwa ya nini?" Kwa Kiswahili. Sikumbuki mara ya mwisho kuniuliza kitu kwa Kiswahili.

Jumanne, 29 Julai

Sina kazi leo. Nimekwenda kama mgeni.

Auburn bado iko kwenye sikukuu, watoto wa Idi na nguo mpya, foleni kwenye duka la vitumbua vya asali. Ndani ya nyumba ya wazee, kimya.

Musiu Lambert yuko kitandani. Midomo imepasuka. Hataki kula kwa mkono wa mtu yeyote. Aliponiona akarudi nyuma kwenye mto.

"Waliita jina lako," akasema. "Hakuna anayerudi."

Nikamwambia kwa Kifaransa: ameanguka. Yule mkubwa ameanguka. Milango iko wazi.

Akanitazama kama mwalimu anayemjaribu mwanafunzi. "Alisema nini barazani?"

"Hawakumwacha aseme."

Alifikiri sana. Kisha machozi, bila sauti. Kisha akaniambia jambo. Kwamba yeye si mfungwa. Hakuwahi kuwa mfungwa. Ni yeye anayeingia na majina. Hakumtaja mtu, anasema, hakumshtaki mtu, alipewa tu akasoma. Alikuwa na sauti nzuri.

"Na mimi," akauliza, "wataniacha nitoke?"

Najua ni mwalimu mstaafu asiye na akili timamu. Najua hakumwita mtu popote. Lakini kitandani pale sikumwona mwalimu. Nilimwona yule wa Bukavu, ambaye sura yake sikuwahi kuijua. Amezeeka. Ana njaa.

Nikavuta kiti karibu. Supu ilikuwa juu ya meza.

"Ndiyo," nikasema. "Utatoka."

Akafungua mdomo. Nikamlisha hadi sahani ikaisha.

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yake alimwambia meneja: yule Mkongomani arudi. Nimerudi. Wanjiru naye yupo, hawakupata ushahidi. Hajaniomba msamaha, nami sijamdai. Jana alinipitia na gari.

Jua zuri leo. Nilimtoa Musiu Lambert nje kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunika blanketi. Wanjiru alileta chai, na badala ya kuondoka akaketi kwenye benchi.

Mzee akanywa kidogo. Akamgeukia Wanjiru, akamtazama, akamtazama. Wanjiru akashika msalaba wake shingoni. Hakukimbia. Mzee akasema maneno machache, akafumba macho.

"Amesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Amesema chai imepoa."

Akachukua kikombe, akaenda kuipasha moto.