Mama Mkwe Kwenye Kibanda cha Video

Alhamisi usiku

Hatasema. Sasa naweza kulala.

Filamu yenyewe ya kipuuzi: ardhi inapasuka, maghorofa yanaporomoka, mji mzima unakwisha, halafu jamaa mmoja anatoka hata shati halijachafuka. Nami mzee wa kanisa, ninayewakemea vijana kwa hivi vibanda vya video, nimekaa benchi la mbele pale Mirongo, moyo unadunda kwa raha. Mke wangu anajua nilikuwa kikaoni.

Umeme ukakatika, wenye kibanda wakafungua mlango, mwanga ukaingia. Kwenye benchi la nyuma alikuwepo mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Nansio. Kila jioni huaga kwamba anakwenda kwenye maombi.

Kwetu mtu na mkwewe hawatazamani usoni, sembuse kukaa chumba kimoja gizani. Akajifunika khanga kichwa kizima. Mimi nikatoka nikitazama ukuta.

Nyumbani nilijibanza sebuleni, yeye yuko jikoni na mke wangu. Nikasubiri aibu yangu. Akapaza sauti, makusudi nisikie:

“Mwanangu, kesho nina maombi tena. Saa kumi.”

Basi mimi nitakwenda saa kumi na mbili.