Chachandu Isiyo na Sukari

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoma nyanya tena juu ya makaa. Pilipili mbuzi, kitunguu saumu, tangawizi, limau. Chachandu ya dukani ina sukari na unga. Yangu naifanya nzito kwa parachichi. Imetoka rangi ya matope. Mama ameitazama, akatazama yai la kuchemsha na kabichi vya kuchovya, akaisukuma sahani. Tangu nimtoe Bweranyange kuja kukaa nasi hapa Kaisho, baada ya kupimwa na kukutwa na kisukari, anakula kama ananifanyia hisani. Gauni linampwaya. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi

Leo karanga badala ya parachichi. Kali mno. Nimekohoa mpaka machozi. Mama kachovya mara moja, basi. Anataka ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, sahani imejaa, kama alivyokula maisha yake yote. Migomba imeizunguka nyumba. Anakaa mlangoni anaitazama mikungu. Muuguzi alisema apunguze ndizi. Mimi nimezikata kabisa. Sukari nimeifungia kabatini, ufunguo nauvaa shingoni. Najiona kama askari jela.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu Deusi anasema namtesa mama. Nimemjibu vibaya, mbele ya mama mwenyewe. Yeye hakumwona baba alipokatwa mguu kwa ugonjwa huu huu. Mimi nilikuwepo.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mama alimeza kidonge, akanywa chai kavu, yai akampa mbwa. Sikuona. Nilikuwa jikoni natwanga pilipili. Nilipotoka nikamkuta nyuma ya nyumba ameegemea mgomba, jasho linamtiririka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Sukari ilikuwa imemshuka. Nilikimbilia kabati. Vidole vimejaa pilipili, ufunguo unateleza, hauingii. Deusi akavunja mlango wa kabati kwa jembe. Tukamnywesha maji ya sukari, kijiko kwa kijiko. Macho yakarudi polepole.

"Mbona unalia?" akaniuliza.

"Pilipili, mama."

Zahanatini muuguzi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema kidonge bila chakula ni hatari, na ndizi ale, kidogo, kila mlo. Nilikuwa namlinda na sukari, nikakaribia kumuua kwa njaa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemwambia mama kila kitu. Kwamba kila nikimtazama namwona baba kitandani. Kwamba naogopa kumzika.

Akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Wewe ulikuwa unaniletea sahani tu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama kaomba kinu. Kapunguza pilipili, kaongeza samli, kaniambia naunguza nyanya. Chachandu imekuwa laini, ukali wake unakuja taratibu. Amekula nyama ya kuchoma, kabichi, na ndizi mbili za kuchemsha. Kachovya hata ndizi. Deusi kafuta bakuli kwa kidole.

Jioni mama ametoa ndizi za kupika, akakaa karibu na moto kuzimenya. Anasema wiki ijayo atarudi Bweranyange, migomba yake haijakatwa majani makavu. Nimechukua kisu kingine, nikakaa kando yake.