Kilichosikika Kabla Roshani Haijaanguka

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kuanguka kwa roshani ya jengo la zamani la sinema na kujeruhiwa kwa fundi
Shahidi: Mwanamke, miaka 43, ameolewa, ana watoto watatu. Jina ni kama lilivyo kwenye kitambulisho, nakala imeambatishwa. Chuoni huitwa Mama Sauti.
Kazi: Mshonaji, pia mwanafunzi wa mwaka wa pili, stashahada ya utayarishaji wa filamu na vipindi
Makazi: Nyumba za nyuma ya karakana ya reli, mlango wa tisa
Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 13 Machi, kuanzia saa 3:20 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Nimeshona nguo miaka kumi na tisa. Binti yangu mkubwa alipomaliza shule, na mimi nikajiandikisha chuo. Darasani nawazidi wote umri, hata mwalimu wa uhariri. Katika kundi letu kazi yangu ni kurekodi sauti. Mwongozaji wetu ni binti wa miaka ishirini na mbili, tunamwita Kapteni. Ndiye mnayemshikilia hapa tangu juzi, kwa madai kwamba alipandisha taa nzito kwenye roshani mpaka ikaanguka.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Machi, saa 2:30 asubuhi, Kapteni, mpiga picha na mimi tulichukua vifaa stoo ya chuo: kamera moja, tripodi, kinasa sauti na maiki mbili. Taa hatukuchukua hata moja. Ukumbi wa sinema tuliokwenda kupiga picha una madirisha makubwa upande wa mashariki, na Kapteni alitaka mwanga wa asubuhi. Daftari la stoo nilitia sahihi mimi, na ukurasa nikaupiga picha kwa simu, maana mwaka jana nilisingiziwa kupoteza waya. Picha hiyo nimemwonyesha afisa.

Tulifika jengoni saa 3:15. Mwenye jengo analigeuza kuwa ghala la magodoro, nasi filamu yetu ya mwisho wa mwaka inalihusu. Ruhusa yake ya maandishi tunayo. Juu kwenye roshani fundi mmoja alikuwa anapiga lipu huku anaimba. Nikamwomba apunguze sauti, akaniambia, "Mama, sauti kama hii utaitafuta siku moja." Tulicheka.

Saa 3:40 tulianza kumhoji msimamizi wa ujenzi. Nilimbana maiki ndogo isiyo na waya kwenye kola ya shati. Tulimaliza saa 4:02. Simu yake ikaita, akatoka nayo uani kabla sijamvua maiki. Nilikuwa bado nimevaa hedifoni, na kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Nilimsikia akisema hivi: "Bosi, boriti ya katikati imeliwa na mchwa. Nilikwambia tangu wiki iliyopita." Kimya kidogo. "Yupo juu, anamalizia." Kimya tena. "Sawa. Basi amalize kwanza." Sauti ya upande wa pili haikusikika, na sitasema ilikuwa ya nani. Lakini boriti niliisikia, mchwa niliwasikia, na "amalize kwanza" niliisikia.

Nilivua hedifoni nikamwambia Kapteni. Hakuniuliza mara mbili. Alimwachia mpiga picha karatasi zake, akapanda ngazi mikono mitupu. Mimi nilibaki chini nikimwita fundi. Akajibu kwamba amebakiza kipande kidogo tu. Kapteni akamwambia, "Shuka, kaka. Kipande hakikimbii." Akamshika mkono wa shati akamvuta. Walikuwa wamebakiza kama hatua tatu kufika ngazini niliposikia mlio kama wa turubai linalochanwa, na roshani ikainama katikati. Kapteni aliangukia upande wa ngazi. Fundi alikwenda na kifusi. Shati lake liliachia begani, kwenye mshono, na ule mkono wa shati ukabaki kwa Kapteni. Ulikuwa umeshonwa mstari mmoja tu. Siku mbili hizi nimeufikiria mshono ule kuliko kitu kingine chochote.

Tulimfukua kwa mikono. Alichukuliwa kwenda hospitali saa 4:25. Yu hai, mguu umevunjika mara mbili, na mbavu tatu.

Mwenye jengo alifika saa 4:50. Kabla hajauliza aliyeumia ni nani, alisema, "Hawa watoto wamepandisha mataa yao." Msimamizi aliangalia viatu vyake. Nikamsogelea nikamvua maiki kolani, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa nayo. Akaninong'oneza, "Mama, una watoto wewe." Nikamjibu kwamba ninao watatu, na wote wanajua nilipo.

Jumatano tarehe 12, saa 5 asubuhi, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Alisema, "Rekodi ile imechukuliwa bila idhini. Maadili ya fani hayaruhusu. Ifute, tuyamalize kama watu wazima." Maadili hayo nayajua, nilipata alama themanini na mbili. Yanakataza kumwanika mtu kwenye filamu kwa neno alilosema akidhani hasikiwi. Hayasemi binti wa watu alale selo kwa kosa la kupanda ngazi kumtoa mtu. Nikamwambia kwenye filamu halitaingia hata neno moja, ila polisi litafika lote. Akaniambia nikifikirie cheti changu. Nimekifikiria. Nimeishi miaka arobaini na tatu bila hicho cheti.

Jioni mume wangu aliniuliza, "Wakikufukuza?" Nikamwambia cherehani ipo. Asubuhi nilikuta amenipigia pasi gauni hili.

Leo nilipofika mapokezi nilipewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, inayosema kwamba nilikuwa nje na sikusikia wala kuona lolote. Niliambiwa nitie sahihi niende nyumbani. Sikuwa nje. Karatasi hiyo nimeikataa, na naomba ihifadhiwe kwenye jalada hili ili ijulikane iliandikwa na nani.

Kadi yenye rekodi nimeikabidhi kwa afisa mpelelezi, imefungwa kwenye bahasha na kugongwa muhuri mbele yangu. Nakala tatu ziko kwingine, na sitasema ni wapi.

Niliyoyasema ni yangu, hakuna aliyenishikia ulimi. Kama hayatoshi, nitakuja kesho kuyasema tena, na keshokutwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kutoka kinywani mwa shahidi na kumsomea yote. Aliomba neno "nadhani", nililoliweka mimi mbele ya "nilimsikia akisema", lifutwe kwa kuwa hakulitamka. Limefutwa. Rekodi imesikilizwa mbele yake saa 5:10. Maneno yanasikika bila shida. Msimamizi wa ujenzi na mwenye jengo wameitwa kuhojiwa. Mtuhumiwa ameachiwa saa 7:05 mchana. Shahidi aliambiwa mara mbili kwamba anaweza kwenda. Alikaa kwenye benchi mpaka binti huyo alipotoka.