Nilimkana Baba Kwenye Fomu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimenyamaza wiki tatu na sasa kunyamaza kwenyewe kunanilemea. Nimemaliza shule mwaka huu. Baba yangu ni fundi cherehani, lakini ana ugonjwa wa ubongo wa kurithi, mikono yake hucheza yenyewe, na bado kila asubuhi anakaa kwenye cherehani isiyo na kitambaa, ananiita, "Mwanangu, nitungie uzi," nami namtungia, na hashoni kitu. Hospitalini wapo watafiti wenye mashine ya sumaku inayofuatilia maji yanavyotembea ndani ya ubongo, yanapopita na yanapozuiwa, na kwa hiyo wanajua hali ya nyuzi ndogo mno za ubongo bila kumpasua mtu. Walitaka wagonjwa, na wazima wa kulinganisha nao. Mimi nilitaka kujua kichwa changu kikoje, nikaogopa kumwuliza daktari, mama naye husema, "Ya nyumbani yaishie nyumbani, nani atakuoa?" basi fomu ilipouliza kama kuna mgonjwa wa namna hiyo katika familia nikaandika hakuna, na kalamu haikusita. Nililala ndani ya ile mashine, inagonga kama mafundi bati, na nilipotoka mpiga picha wa mashine hiyo akaniambia, "Binti, umetulia kama maji ya mtungini! Watu kama wewe ndio kipimo chetu." Nilipouliza majibu akacheka, "Majibu gani tena? Hapa hatusomi kichwa cha mtu mmoja, tunalinganisha makundi." Nikaenda kulia chooni. Juzi nimeangusha kikombe, mama akanitazama mkono. Nifanye nini?

Mtunga Uzi

Binti, pole. Pole kwa baba, na pole kwa kuogopa peke yako. Sasa nisikilize, maana pole haitoshi. Ulidanganya. Wale watu wanaupima ubongo wa wagonjwa kwa kuulinganisha na wako, na huenda wako nao una ugonjwa huohuo. Kipimo kikipinda, kila kinachopimwa kitapinda, na atakayeumia ni mgonjwa kama baba yako. Tena ulikwenda kuiba jibu ambalo halikuwamo humo ndani. Kikombe nacho hakikuambii kitu. Mikono yenye hofu huangusha vyombo, hata yangu.

Jumatatu nenda kwa mtafiti mkuu, si kwa mpiga picha. Sema, "Baba yangu anaumwa, niliandika uongo, nitoeni kundini." Ukishindwa kusema, andika, kuandika unaweza. Wakikasirika, vumilia. Kisha omba upelekwe kwa daktari wa magonjwa ya kurithi. Kipimo cha damu kipo, ila usikikimbilie. Atakueleza kwanza, na ni haki yako kujua au kukataa kujua. Sitakuahidi jibu zuri. Silijui. Mama mwambie siku hiyohiyo. Mficha maradhi kilio humfichua, naye anaogopa kuliko wewe.

Asubuhi hiyo baba akikuita, mtungie uzi. Usitoke mpaka umemwambia unakokwenda.