Jini la Zuwena

Jumanne, 2006. Al Khuwair

Basi daktari kaniambia ni jini. Damu ya binti yangu Zuwena tuliyoipeleka nje ya nchi imerudi na majibu, na huku kulegea kwake miguu, miaka tisa hatujui nini, sasa kuna jina.

Nikamwambia, "Bibi, majini tushayasomea dua mpaka mavyaa, mamake mume wangu, kakauka koo."

Akacheka. "Siyo hao, mama. Jini kwa Kiarabu ndiyo jeni, ile ya kurithi iliyomo damuni. Kairithi kwako na kwa baba yake. Hukukosea kitu."

Hapo nikalia mbele yake.

Dawa hakuna bado. Lakini majibu hayo hayapotei, kasema, na huyu niliye naye tumboni atapimwa kwayo akizaliwa tu, asizungushwe kama dada yake.

Alhamdulillahi. Khofu nnayo, lakini leo nimekula nikashiba.