Swali la Baba Lilivyokatwa

Jumapili, Gatitu. Manyunyu tangu asubuhi, na nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jana tulionyeshwa filamu ya Muthoni, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Hadithi ni yangu. Nilimsimulia jikoni mwangu baada ya kumzika baba, nikamruhusu atumie hata jina la baba. Nilitaka baba abaki mahali.

Siku upande wa mume wangu walipoleta mahari kwetu Mweiga, baba aliniita mbele ya wazee. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo kwenye pembe ya kunywea kulikuwa na uji, si pombe. Akaniuliza, kama desturi inavyotaka, kama anywe. Ningekataa, wageni wangerudi kwao. Kisha akainama, akaniuliza tena kwa sauti ya chini kama kweli nimependa mwenyewe. Nikacheka, nikamwambia anywe.

Kwenye filamu baba haulizi kitu. Ni mlevi. Anapokea mbuzi, ananisukuma kwa mzee mwenye bakora, nami natoroka usiku nikilia. Nyumba yetu ya mawe imegeuzwa kibanda cha udongo.

Tulipotoka nilimkabili Muthoni pale mlangoni pa ukumbi.

"Wairimu, nielewe," akasema. "Wale wanunuzi wa filamu wa Amerika walisema watu wao hawataamini baba kama huyo. Ati msichana lazima atoroke, ndio walie. Bila hiyo, hakuna filamu."

Wamarekani siwalaumu sana. Hawakumjua baba.

Muthoni alimjua. Likizo zote alilala kwetu, na alimwita baba kama mimi.

Wakati wa filamu, mama alikaa kando yangu hadi taa zikawashwa. Alisema kitu kimoja tu: "Huyo mzee aliuliza wewe. Mara mbili. Mimi nilikuwa hapo."

Nilidhani hilo ndilo litakaloniuma zaidi. Binti yangu Njeri alikuwa mdogo sana babu yake alipofariki, hamkumbuki. Naye alikuwa ameitazama filamu pamoja nasi. Tulipofika nyumbani, nikimvua sweta, akaniuliza juu ya babu yake:

"Mami, guka alikuuza?"

Nikamwambia hapana, hata kidogo.

"Lakini tumeona."

Kukicha nitampigia Muthoni atoe jina la baba kwenye hiyo filamu, na nitamsumbua hadi alitoe. Lakini alichokiona Njeri, nitakitoaje?