Nimekula mbele ya baba mkwe, juu ya mlima

Jumapili, mwezi wa pili. Buffalo. Jua limetoka lakini ni jua la uongo, halipashi kitu. Theluji imefika kwenye vishikio vya milango ya gari. Watoto wamelala, na mimi nilitaka kulala nao ila furaha imenikatalia. Ndiyo maana naandika.

Jana nimekula mbele ya baba mkwe.

Najua kwa wengine hilo si jambo. Ngoja nieleze. Kwetu, mke wa mtoto hali chakula mbele ya baba wa mume wake mpaka siku ile baba mwenyewe atakapompa kitu kwa mkono wake, mbele ya watu. Kuku, kitenge, hata kipande cha muhogo. Hapo amemfungulia mdomo. Sasa sisi tulioana kambini Tanzania haraka haraka, safari ya Amerika ilikuwa imeshatoka. Wakwe wakapelekwa Columbus, sisi Louisville. Hakuna aliyekumbuka. Na mimi ningeanzia wapi? Si jambo la mkwe kuuliza.

Basi miaka sita nakula jikoni. Louisville, kabla hatujahamia huku Buffalo, tulipokuwa tunakaa mtaa wa Okolona, nilikuwa natoka kazini kwenye ghala na njaa inayouma. Baba mkwe akija kututembelea napika, naandaa, halafu nasimama karibu na sinki nikingoja amalize hadithi zake za kwao Fizi. Columbus, nyumbani kwake, nilikuwa na mimba ya Shukuru, mtoto wangu wa pili. Nikakaa juu ya mfuko wa mchele stoo, nikala samaki peke yangu. Sikulia. Lakini nilimwambia Mungu kidogo.

Sitaki mtu amfikirie vibaya. Ni mzee mpole. Kila asubuhi anapiga simu kuwaombea wajukuu wake, mmoja mmoja kwa jina. Hata yeye nikiingia na sahani huangalia pembeni, kama mtu mwenye haya.

Kilichonichoma ni binti yangu, Riziki. Ana miaka mitano. Wiki hii wakwe walipofika, alibeba sahani yake akanifuata jikoni. Nikamwambia, rudi mezani kwa babu. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha shule kwamba wasichana wanakula huku.

Hakuna aliyemwambia hivyo. Nimemfundisha mimi, kwa kusimama tu pale kwenye sinki.

Sasa huo mlima. Mimi nahudumia bibi mmoja mzee, namwogesha, namlisha, tunacheka. Binti yake alitaka kunishukuru, akanipa kadi ya chakula: meza ya watu watano kwenye mgahawa ulio juu ya mlima wa kuteleza kwenye theluji, zaidi ya saa moja kutoka hapa. Siku imeshapangwa, Jumamosi, na jina kwenye kadi ni langu. Wakwe wako nyumbani. Utawaacha vipi? Wiki nzima nilitunga uongo. Nitasema tumbo linaniuma. Nitasema nimefunga.

Gari lako haliendi juu, unaliacha chini. Wanakupandisha kwa mtambo kama trekta, una minyororo badala ya magurudumu na kibanda cha abiria nyuma. Mama mkwe alifumba macho akaanza kuomba. Baba mkwe akachungulia dirishani.

"Hii njo munaita mulima? Kwetu Fizi hii ni fasi ya kuchunga mbuzi."

"Bon, shuka basi uende kwa miguu, mwanaume ya Fizi," mama mkwe akamjibu bila kufumbua macho.

Tulicheka mpaka dereva akacheka, na hakuelewa hata neno moja.

Juu kuna nyumba ya mbao, moto unawaka katikati, madirisha pande zote, na miti yote nje imevaa nyeupe. Nilisahau shida yangu kwa dakika mbili. Halafu chakula kikaja. Mhudumu aliweka kila sahani mbele ya mwenyewe: mume wangu Elia nyama kubwa kama kiatu, wakwe supu, Riziki tambi, mimi kuku na viazi. Jiko lao liko nyuma ya mlango uliofungwa. Pale hakuna pa kukimbilia.

Baba mkwe akaomba. Wote wakaanza kula. Mimi nikajifanya namlisha Shukuru, na mtoto ameshashiba, anageuza uso. Nikasimama naye. Nikasema nampeleka dirishani aone theluji. Elia aliniangalia. Anajua. Siku zote anajua.

Nimefika dirishani, nageuka, namwona Riziki.

Ameshuka kwenye kiti. Amebeba sahani yake kwa mikono miwili, anapita katikati ya meza za watu, mchuzi unadondoka sakafuni. Ananifuata mimi.

Sijui miguu yangu ilirudije mezani. Nilimrudisha kwenye kiti chake, nikakaa kwenye changu.

"Baba," nikasema. "Naomba unikatie mkate."

Mkate ulikuwa karibu na mimi kuliko yeye. Kila mtu pale mezani alielewa ninaomba nini. Kijiko chake kikasimama hewani. Elia akaacha kutafuna. Baba mkwe akaweka kijiko chini, akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, nami nikawaza, nimeharibu. Nimemwaibisha mzee wa watu.

"Donc miaka hii yote ulikuwa unaningojea miye?"

"Ndiyo, Baba."

"Na miye nilizani wewe njo hautaki. Nikasema, huyu mutoto pengine hapendi vile ninakulaka."

"Unakulaka na kelele," mama mkwe akasema. "Ile ni kweli."

Baba mkwe akasimama. Mzee mzima, na koti lake la baridi, akasimama pale kama kanisani. Hakutumia kisu. Alimega mkate kwa mkono, akanipa kwa mikono miwili. "Kula, mutoto yangu." Nikainuka, nikapiga goti kidogo, nikapokea kwa mikono miwili. Nikala.

Mama mkwe akapiga vigelegele.

Jamani, vigelegele juu ya mlima ule! Mzee wa meza ya jirani aliangusha uma. Halafu akapiga makofi, na wengine wakafuata, hawajui wanashangilia nini. Mhudumu akaja mbio kuuliza ni siku ya kuzaliwa ya nani. Elia alishindwa kueleza, akanionyesha mimi kwa kidole. Ikaletwa keki na mshumaa. Mungu anisamehe, niliuzima, na keki ya uongo tukaila yote.

Kusema kweli kuku hakuwa na chumvi. Viazi walikuwa wamevisaga kama vya mtoto asiye na meno. Nilimaliza sahani nzima. Baba mkwe hakuangalia pembeni hata mara moja, aliniuliza kama nataka supu yake, nami nikasema nataka, nikaionja. Riziki alikuwa anagonga miguu chini ya meza, anaimba na tambi mdomoni.

Leo asubuhi kabla ya kanisa niliandaa chai na mandazi. Nikaweka birika mezani, na miguu ikaanza yenyewe kwenda jikoni. Mazoea ni kitu kibaya. Nilishafika mlangoni. Nikasimama hapo, nikajicheka, nikarudi, nikavuta kiti. Baba mkwe alikuwa anasimulia habari za jino lake linalomsumbua, akaniambia nimpitishie sukari.

Nikampitishia. Nikachukua andazi.

Kesho wakwe wanarudi Columbus, barabara ikisafishwa. Nitawapikia ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, wasafiri wameshiba. Nitaamka na njaa yangu, na pa kukaa napajua.